Mwenendo wa Heshima katika Dojangi: Mwongozo kwa Wanafunzi Wapya wa Taekwondo Kisumu

Taekwondo ni sanaa ya mapigano ya Korea ambayo silaha yake kuu ni mguu, na mguu uliofunzwa vyema unaweza kuvunja ubao, ubavu au taya. Ndiyo maana waliouratibu mchezo huu waliweka adabu mbele ya teke. Katika tawi la ITF, yaani Shirikisho la Kimataifa la Taekwondo, lililoanzishwa mwaka 1966 na Choi Hong Hi, mwanafunzi hukariri nguzo tano, yaani adabu, uadilifu, ustahimilivu, kujidhibiti na moyo usiokubali kushindwa, na adabu ndiyo hutajwa kwanza. Katika tawi la World Taekwondo, lililoundwa Seoul mwaka 1973 na ambalo ndilo linalosimamia taekwondo ya Olimpiki, kanuni za mashindano zinaeleza hata kipimo cha kuinama mbele ya mpinzani.

Nimekuwa nikiwapokea wanafunzi wapya hapa Kisumu kwa miaka kadhaa, na wengi wao, pamoja na wazazi wao, hudhani kwamba adabu hizi ni mapambo ya Kikorea ambayo mtu anaweza kuyaruka ili afike haraka kwenye mateke. Sivyo. Takriban kila tendo la heshima katika dojangi, yaani ukumbi wa mazoezi, lina kazi ya kuulinda mwili wa mwenzako, na nitajitahidi kueleza sababu ya kila tendo kwa sababu anayeijua sababu hahitaji kukumbushwa.

Hatua ya kwanza: Jitayarishe ukiwa nyumbani

Oga kabla ya kutoka, au angalau nawa miguu, mikono na makwapa. Jioni za Kisumu zina joto na unyevu wa ziwani, na ukumbi wenye watu ishirini wanaoruka hautachukua muda kujaa jasho. Kata kucha za mikono na za miguu, kwa maana ukucha wa kidole gumba cha mguu uliorefuka huchana ngozi ya mwenzako kama wembe. Vua pete, bangili, herini, mkufu na saa. Nywele ndefu zifungwe kwa kitambaa laini au mpira usio na chuma. Msichana anayevaa hijabu haambiwi aivue, bali avae ile isiyohitaji pini. World Taekwondo inaruhusu hijabu hata mashindanoni.

Jikague ngozi. Ukiona mabaka ya mviringo yanayowasha, huenda ni choa, nayo choa huambukiza kwa kugusana na kwa kulalia mkeka mmoja. Mwambie mkufunzi kabla ya kuingia, upate dawa, urudi ukiwa umepona. Vivyo hivyo kwa macho mekundu yenye tongo na kwa homa. Mwanafunzi anayejikaza kuja akiwa mgonjwa hudhani anaonyesha bidii, ilhali anawapelekea ugonjwa watoto wadogo wanaofanya mazoezi katika ukumbi uleule.

Sare ya taekwondo huitwa doboki. Ifue baada ya kila kipindi, uianike, na uibebe ndani ya mfuko badala ya kuivaa juu ya bodaboda, kwani vumbi la kiangazi na matope meusi ya msimu wa mvua hayaachi kitu kikiwa cheupe. Ikiwa bado hujapata fedha za kununua doboki, njoo na fulana safi na suruali ndefu ya mazoezi. Hakuna mkufunzi mwenye busara atakayekufukuza kwa hilo, na wengi wetu tulianza hivyo.

Mkanda unafungwa hivi: weka sehemu yake ya katikati kwenye kitovu, zungusha ncha zote mbili nyuma ya kiuno hadi zirudi mbele, pitisha ncha iliyo juu chini ya tabaka zote, kisha kaza fundo bapa hadi ncha mbili zining'inie kwa urefu ulio sawa. Shule za ITF huzungusha mkanda mara moja tu kiunoni, kwa hiyo tazama wenzako wanavyofanya. Usiuburure mkanda sakafuni na usiutumie kumchapia mwenzako kwa mchezo. Ukilegea katikati ya mazoezi, geuka, umpe mkufunzi mgongo, uurekebishe, kisha urudi kumtazama. Anayetoka kwenye mila zetu huliona jambo hili kuwa la ajabu, kwa sababu kwetu kumpa mkubwa mgongo ni utovu wa adabu, lakini katika dojangi kanuni ni kwamba hujipangi nguo ukiwa umemkabili mtu.

Hatua ya pili: Fika mapema na uvuke mlango ipasavyo

Fika dakika kumi na tano kabla ya wakati. Muda huo unatosha kubadili nguo, kunawa miguu kwenye beseni lililowekwa mlangoni na kupasha misuli moto. Viatu na malapa hubaki nje, vikiwa vimepangwa kwa safu na ncha zake zikielekea nje, ili hata taa zikizimika ghafla watu watoke bila kujikwaa. Sababu ya kuingia pekupeku ni ileile inayojulikana na kila mtu aliyewahi kuingia msikitini au katika nyumba yenye mkeka safi: sakafu hiyo ni mahali ambapo watu huketi, hulala chali na kuweka nyuso zao.

Kabla ya kuvuka kizingiti, simama wima, elekeza uso ndani ya ukumbi na uiname mara moja. Simu iwe imezimwa au imenyamazishwa ndani ya mfuko. Usipige picha wala video za mazoezi bila idhini ya mkufunzi, na za watoto bila idhini ya wazazi wao, hata kama nia yako ni njema.

Ukichelewa, usijipenyeze safuni. Mvua ya alasiri hufunga barabara, na hilo linaeleweka. Simama kando ya mlango ukiwa wima, subiri mkufunzi akuone na kukupa ishara, iname, nenda kando upashe mwili moto kwa dakika chache, kisha uingie nyuma ya safu ya mwisho. Anayeingia mbio akiwa na misuli baridi na kuanza kurusha mateke anajiweka hatarini, na pia huwakatisha wenzake makini wakati miguu yao iko hewani.

Hatua ya tatu: Jifunze kuinama, na uelewe unachofanya

Amri ya kwanza utakayoisikia ni "charyot", maana yake simama imara. Unganisha visigino, nyoosha mgongo, ngumi zikae kando ya mapaja. Amri inayofuata ni "kyongne", yaani toa heshima. Kwa kanuni za World Taekwondo, kiwiliwili huinama kwa nyuzi zisizopungua 30 na kichwa kwa nyuzi zisizopungua 45. Katika ITF, mwinamo ni mdogo zaidi, takriban nyuzi 15, na macho hubaki kwa yule unayemwinamia. Uliza shule yako iko upande upi na ufuate hilo bila kubishana, maana mabishano kuhusu matawi haya mawili ni ya kale na hayatatatuliwa na mwenye mkanda mweupe, yaani anayeanza. Lililo muhimu ni kwamba mwinamo uwe na mwanzo, utulie kwa muda wa pumzi moja, na uwe na mwisho. Kichwa kinachotikiswa haraka kama cha mtu anayefukuza nzi si salamu.

Tendo hili si geni kwetu kama linavyoonekana. Mtoto aliyelelewa vyema Siaya au Kakamega, anapomsalimu mzee, hutoa mkono wa kulia huku mkono wa kushoto ukiushika ule wa kulia karibu na kiwiko, na goti hukunjika kidogo bila kuamrishwa. Mkorea naye hutoa na kupokea kitu kwa mikono miwili, au kwa mkono wa kulia ukitegemezwa na wa kushoto. Kwa hiyo unapompa mkufunzi karatasi, unapopokea mkanda mpya au unapomkabidhi mwenzako padi ya kupigia mateke, tumia mikono miwili. Bibi yako angekuambia vivyo hivyo.

Wazazi Wakristo huniuliza mara nyingi, na kwa uzito unaostahili, kama kuinama huku ni ibada. Huwajibu kwamba katika dojangi hakuna sala, hakuna sadaka na hakuna roho inayoitwa. Watu wawili wanaahidiana kwa miili yao kwamba hawatadhuriana. Palipo na bendera ya Kenya na ya Korea ukutani, zinaheshimiwa kama bendera yoyote inavyoheshimiwa. Duara la rangi nyekundu na ya buluu kwenye bendera ya Korea, pamoja na mistari inayolizunguka, ni alama za falsafa ya kale ya Mashariki ya Mbali, mistari hiyo ikiwakilisha mbingu, ardhi, maji na moto, na mwanafunzi haombwi kuziamini. Ikiwa dhamiri ya familia bado inakataa kuinamia bendera, mzazi azungumze na mkufunzi faraghani kabla ya mtoto kujiunga, na mkufunzi mwema atamruhusu mtoto asimame wima kimya. Asiachiwe mtoto kubeba mgogoro huo peke yake mbele ya safu. Ushauri uo huo unawahusu Waadventista, ambao ni wengi Nyanza: shule nyingi hufanya mazoezi marefu siku ya Jumamosi, kwa hiyo eleza mapema kwamba hutakuwepo siku ya Sabato, na uulize ni siku ipi utafidia.

Hatua ya nne: Safu, sauti na majina

Wanafunzi hujipanga kwa daraja la mkanda. Katika shule nyingi mwenye daraja la juu husimama safu ya mbele, upande wa kulia wa wanafunzi, na wengine hufuata kuelekea kushoto na nyuma. Waliolingana mkanda hupangwa kwa muda waliojiunga, si kwa umri wala kwa cheo cha nje. Nimemwona afisa wa benki akisimama nyuma ya mvulana wa darasa la saba, na hakuna aliyepungukiwa na chochote. Faida ya mpangilio huu ni ya vitendo: mgeni humtazama aliye mbele yake, na aliye mbele anajua zaidi.

Mkufunzi huitwa sabumu, na katika kumbi zetu wengi husema "mwalimu" tu, jambo lisilo kosa. Usimwite kwa jina lake wakati wa mazoezi, hata kama ni jirani yako au mtoto wa shangazi yako. Akikuita, jibu kwa sauti inayosikika, "Ndiyo, mwalimu," kisha umwendee kwa hatua za haraka. Akikurekebisha, sikiliza hadi amalize. Tabia ya kusema "najua" kabla maelezo hayajakwisha inaudhi, na mbaya zaidi, inakunyima nusu ya mafunzo. Swali lako liweke hadi atoe nafasi, isipokuwa linahusu maumivu au hatari. Hilo liseme papo hapo.

Ukiketi, kunja miguu na unyooshe mgongo. Usiegemee ukuta, na usinyooshe miguu kuelekea alipo mkufunzi au mwenzako, kwa sababu mguu ulionyooshwa katikati ya ukumbi ni mguu utakaokanyagwa. Ukitaka kwenda msalani au kunywa maji, inua mkono na uombe ruhusa; mkufunzi anapaswa kujua kila mtu alipo, hasa watoto. Na joto la hapa halina mzaha, kwa hiyo kuomba maji si udhaifu.

Hatua ya tano: Utunze mwili wa mwenzako

Hapa ndipo mwongozo huu ulipokuwa ukielekea. Nilipokuwa na mkanda wa manjano, katika ukumbi ambao sitautaja, tulikuwa tukifanya kyorugi, yaani mapigano ya mazoezi, na nilikuwa nimeelemewa. Mkufunzi akatamka "kuman", amri ya kusimamisha. Mwenzangu alishusha mikono yake mara moja kama alivyofunzwa. Mimi nilikuwa nimeshauanza mguu wangu, na badala ya kuuzuia niliumalizia, kwa sababu nilitaka pointi moja. Teke lilimpata chini ya kinga ya kifua, ubavuni. Alikaa nje wiki sita. Katika muda huo wote alinisalimu kwa upole kila tulipokutana mtaani Kondele, na upole huo ulinifunza zaidi ya adhabu yoyote. Tangu siku hiyo naamini kwamba "kuman" ndiyo amri kuu kuliko zote katika dojangi, kwa kuwa anayeshusha mikono anapoisikia anaukabidhi mwili wake kwa uaminifu wa aliye mbele yake.

Basi fanya hivi. Kabla ya kuanza na mwenzako, mwiname na umtazame. Ikiwa ana jeraha, mwulize liko wapi na uepuke upande huo. Vaeni kinga kamili: ya kifua, ya kichwa, ya meno, ya mikono, ya miguu na ya kinena. Kama kinga hazitoshi kwa wote, kama ilivyo katika kumbi nyingi za huku, pokezaneni, na asiye na kinga asipigane kwa nguvu. Usipige chini ya mkanda, na chini ya kanuni za World Taekwondo usipige uso kwa ngumi.

Pima nguvu zako kwa uwezo wa aliye dhaifu kati yenu. Mwenye mkanda wa juu ndiye mwenye jukumu la kupunguza. Hapaswi kumwonyesha mwenye mkanda mweupe jinsi alivyo hodari, kwa kuwa hilo tayari linaonekana kiunoni. Mwanamume anayefanya mazoezi na mwanamke asimdharau kwa kumrushia mateke ya kitoto, wala asimvamie kwa uzito wake. Amwulize anataka kasi gani, kisha amfuate. Mkono wako ukigusa mahali pasipofaa kwa bahati mbaya, rudi nyuma, iname, sema samahani kwa uwazi na muendelee.

Ukimwumiza mwenzako, simama papo hapo. Usicheke kwa aibu, maana kicheko hicho husikika vibaya kwa anayeugua. Mwite mkufunzi, piga goti au kaa ukimpa nafasi, na usimguse wala kumwinua hadi mkufunzi afike. Jioni hiyo mpigie simu umjulie hali.

Kushika padi nako kuna adabu yake, ingawa wengi hukudharau. Kaza kiwiko, iweke padi kwenye kimo na pembe aliyoiomba anayepiga, na usiiondoe kwa utani wakati teke liko njiani. Goti linalokosa kizuizi hunyooka kupita kiasi na huenda likaumia kwa muda mrefu. Wakati wa kuvunja mbao, washikaji wanyooshe mikono, wakaze viganja na wageuze nyuso pembeni.

Vijana huniuliza kama mambo haya ni ya kumbi ndogo tu. Faith Ogallo, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kibabii huko Bungoma, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021, na kwenye ulingo huo nako hakuna anayerusha teke la kwanza kabla ya amri ya "charyot" na "kyongne".

Hatua ya sita: Tambua mipaka ya utii

Sehemu hii naiandika kwa wanafunzi na wazazi kwa pamoja. Mkufunzi anastahili utii kuhusu mazoezi na usalama, na utii huo unaishia hapo. Hana haki ya kumpiga mwanafunzi kwa adhabu, kumtukana, kumwagiza aendelee akiwa ameumia, kumwita peke yake nyumbani kwake, wala kumgusa kwa namna isiyohusiana na kurekebisha mkao. Sheria za Kenya zinamlinda mtoto dhidi ya adhabu ya viboko na ukatili, na mkanda mweusi haumpi mtu yeyote kinga.

Mzazi, keti ukumbini angalau mara chache bila kutoa taarifa. Ukiambiwa kwamba wazazi hawaruhusiwi kabisa kutazama, mtafutie mtoto shule nyingine. Mtoto akikuambia jambo linalomtia hofu, mwamini kwanza. Nambari 116 ya kuwasaidia watoto hupigwa bila malipo mahali popote nchini. Na mwanafunzi aliyeumia anaweza kusema, "Mwalimu, naomba kupumzika," akainama na kutoka pembeni. Hajavunja adabu yoyote kwa kufanya hivyo.

Ada nayo ni sehemu ya kuheshimiana. Ilipe kwa wakati, na ikiwa mwezi umekuwa mgumu, mwambie mkufunzi mapema badala ya kutoweka. Wakufunzi wengi wa huku hukodisha kumbi kutoka mifukoni mwao.

Hatua ya saba: Nje ya ukumbi na siku ya mtihani

Usionyeshe mateke shuleni, stendi ya matatu au sokoni Kibuye. Ukichokozwa, ondoka, ukizuiwa kuondoka, jilinde kwa kiasi kinachokuwezesha kuondoka. Mkufunzi akisikia ulipigana kwa kiburi, ana haki ya kukusimamisha.

Usimwulize mkufunzi lini utapandishwa mkanda. Madaraja ya rangi huhesabiwa kutoka gupi ya kumi kushuka hadi ya kwanza, kisha huja dani za mkanda mweusi, na wenye umri chini ya miaka 15 katika mfumo wa Kukkiwon, chombo cha Korea kinachotoa vyeti vya mkanda mweusi, hupewa daraja la vijana liitwalo pumu badala ya dani. Siku ya mtihani, jina lako likiitwa, itika kwa nguvu, kimbia hadi mahali pako na uiname. Ukisahau hatua katikati ya pumse, yaani mfululizo wa mapigo uliopangwa, tulia ulipo, omba kuanza upya, na usimtupie mwenzako lawama kwa macho. Ukifeli, wapongeze waliofaulu kabla ya kwenda kubadili nguo.

Hatua ya nane: Namna ya kuondoka

Mwisho wa kipindi, jipangeni tena kama mwanzo, mwiname kwa bendera, kwa mkufunzi na ninyi kwa ninyi. Katika shule nyingi wanafunzi hupita wakishikana mikono, wadogo wakiwaendea wakubwa. Tumia mikono miwili.

Kisha kuna ufagio. Kumbi nyingi tunazotumia ni za shule au za kanisa, na sisi ni wageni humo. Mwenye mkanda mweusi na mwenye mkanda mweupe wote hufagia, hukunja mikeka, hupangusa matone ya jasho na kufunga madirisha. Vua mkanda, ukunje doboki, uweke mkanda juu yake. Geuka mlangoni, iname kuelekea ndani, vaa malapa, na umkabidhi bawabu ufunguo kwa mikono miwili.